Projekta Ifichwe Machoni, Isinyimwe Hewa

Chukua mfano wa sajini aliyerejea kutoka kazi ya ng'ambo akanunua projekta iliyokwisha kutumika, ya aina inayofungwa katika kumbi za mikutano, yenye uzito wa kilo 18. Shabaha yake ni njema: watoto wapate kutazama picha na michezo ya mpira nyumbani, chini ya macho ya wazazi wao, badala ya kurandaranda usiku. Mashine hiyo ikiwekwa mezani watoto hujikwaa katika nyaya. Kwa hiyo baba wa nyumba anaamua kuifunga darini, lakini mkewe ana neno.

"Baba watoto, chuma kile kisining'inie juu ya vichwa vya watoto kama popo."

"Mama watoto, kitafichwa hata mgeni asijue kama kipo."

Fundi anaitwa, naye anatoa shauri jepesi: dari ya jipsamu ikatwe, mashine ipandishwe juu yake, chini ya mabati, kisha liachwe tundu dogo la kupitishia mwanga. Shauri hilo lina sura nzuri, lakini ndani yake mna hatari mbili, nazo hapana budi zielezwe wazi kabla ya msumeno kushikwa.

Hatari ya kwanza ni uzito. Ubao wa jipsamu umetengenezwa ili uzibe na upendeze. Haukutengenezwa ili ubebe mzigo. Skrubu iliyoshika jipsamu peke yake hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko wa feni ya mashine, wala haitoi taarifa siku itakapochomoka. Na walio chini yake ni watoto walioketi mkekani. Mzigo wote sharti ushikwe na mbao za kenchi au boriti. Ikiwa mbao mbili ziko mbali, ubao mwingine imara ulazwe kati yao na ufungwe kwa bolti na nati, kisha kishikio cha projekta kifungwe hapo. Kasha la kuifichia nalo lina uzito wake, na litundikwe katika mbao hizo hizo.

Kazi ikiisha, ijaribiwe kabla mashine haijapandishwa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ufungwe kwenye kishikio na uachwe kutwa na usiku kucha, mlango wa sebule ukiwa umefungwa. Mbao isipopinda na bolti zisipocheza, kishikio kinaweza kuaminiwa. Hata hivyo, uongezwe waya mwembamba wa chuma, ufungwe kwenye mashine upande mmoja na kwenye boriti nyingine upande wa pili. Siku kishikio kikikosa nguvu, waya huo ndio utakaoidaka mashine.

Hatari ya pili ni joto. Projekta ikila wati 300 za umeme, karibu zote hatimaye hugeuka kuwa joto. Vitabu vingi vya projekta hutaja nyuzi 35 au 40 za Selsiasi kuwa kikomo cha hewa inayoizunguka. Chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa, kikomo hicho hupitwa hata kabla mashine haijawashwa. Tena huko kuna vumbi, panya, na pengine tundu la msumari linalovuja masika. Kwa hiyo mahali palipo salama ni chini ya dari, ndani ya kasha la mbao nyepesi lililopakwa rangi ile ile ya dari. Mgeni akitazama juu ataona umbo safi kama urembo wa nyumba.

Kasha hilo liwe na njia mbili za hewa: moja ya kuingizia hewa baridi, na nyingine ya kutolea hewa moto, zisiwe upande mmoja, maana mashine itavuta tena joto ililolitoa. Feni kubwa iendayo polepole ni bora kuliko ndogo iendayo mbio, kwa sababu haitapiga kelele wakati wa maongezi ya picha. Mbele ya lenzi pawekwe kioo safi au tundu tupu. Kioo cha kawaida hupunguza mwanga kwa kadiri ya asilimia 8, na hilo livumiliwe ikiwa vumbi ni jingi. Sehemu ya chini iwe kifuniko chenye bawaba ili kichujio cha vumbi kisafishwe kila mwezi.

Kificho cha namna hii si jambo jipya. Katika majumba ya sinema ya zamani mtambo uliwekwa chumba cha nyuma, ukatoa mwanga kupitia dirisha dogo. Sababu yake haikuwa urembo tu: filamu za nitrati za zama zile ziliwaka moto upesi, na kelele za mtambo ziliwasumbua watazamaji. Lakini mwendesha mitambo alikaa humo humo akiuangalia. Nyumbani hakuna mtu wa kazi hiyo. Kwa hiyo kipimajoto kidogo kiwekwe ndani ya kasha na kisomwe baada ya saa mbili za picha ya kwanza. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Umeme nao usisahauliwe. Soketi ya darini ifungwe na fundi mwenye leseni, iwe na waya wa ardhi. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama huku taa ya projekta ingali ya moto. Betri ya akiba ya kuiendesha kwa dakika chache huinusuru taa hiyo.

Kwa wanaokaa katika nyumba za serikali kuna neno la ziada. Boriti zile ni mali ya umma, na ruhusa ya kuzitoboa iombwe kwa maandishi. Kasha nalo lifungwe kwa bolti ili barua ya uhamisho ifikapo literemshwe, matundu yazibwe, na nyumba ikabidhiwe ilivyokuwa.

Ikifanywa hivyo, yule sajini anaweza kwenda zamu ya usiku na kuwaacha watoto mkekani bila wasiwasi. Mkewe hataiona mashine, lakini atajua ni mbao ipi iliyoibeba na ni siku gani kifuniko kilifunguliwa mara ya mwisho.