Tatizo halikuwa umeme wa Tarime, lilikuwa tundu la tatu

Najua nimepotea tangu likizo ianze, na wale walioanza kueneza kwamba nimedisko nawajibu kwamba bado nipo sana. Nimerudi hosteli juzi kutoka nyumbani Nyamisangura, Tarime, mgongo bado unalalamikia kiti cha basi. Leo nina jambo linanikereketa, ngoja nilitoe.

Chumbani kwetu kuna biki moja isiyoandika. Kazi yake ni kuchokonoa tundu la juu la soketi ili chaja ya miguu miwili iingie. Naamini hata chumbani kwenu ipo. Nimeitumia miaka miwili bila kujiuliza lile tundu liliwekwa la nini. Na mimi nasoma uhandisi wa umeme, jamani. Msicheke.

Kisa chenyewe ni hiki. Wengine mnajua nilikuwa naunda mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Fremu ni vyuma vya mraba, mota tatu za stepa na draiva zake, pawasaplai ya volti 24, Arduino Uno, na ruta ya kawaida ya seremala ndiyo inayochonga. Programu inayoendesha vyote ni Grbl, ambayo Simen Svale Skogsrud wa Norway aliianzisha mwaka 2009 na kuiachia dunia bure. Mashine inakaa kwenye karakana ya baba mdogo. Yeye ndiye aliyetoa hela nyingi, kwa makubaliano kwamba itachonga nakshi za milango na tutagawana faida. Kwa hiyo haikuwa mchezo wa mwanafunzi tena, kulikuwa na hela ya watu mle ndani.

Sasa banda la pili kuna kijana anachomelea mageti. Kila akigusisha elektrodi kwenye chuma, mashine yangu inasimama. Kwenye skrini inatokea ALARM:1, maana yake eti mkono wa mashine umegonga swichi ya mwisho wa reli. Wapi! Upo katikati ya ubao. Wakati mwingine hata kuwasha ruta yenyewe kulitosha. Mbao mbili za mninga zikaharibika hivyo hivyo. Baba mdogo si mtu wa kelele, aliniuliza tu, "Mwanangu, hii mashine yako inaogopa kuchomelea?"

Nikafanya tunachofanya wote: nikalaumu umeme. Umeme wa huku mbovu, si unajua. Nikanunua stebilaiza. Haikusaidia kitu, na kama ningefikiri dakika mbili ningejua kwa nini. Stebilaiza inarekebisha umeme ukipanda au ukishuka, haina habari na kelele za kupita kwa milioni ya sekunde. Nikabadilisha Arduino. Bado. Nikafuta programu nikaiweka upya. Bado. Halafu nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote: nikaandika $21=0, amri inayoiambia Grbl isisikilize zile swichi wakati inachonga. Alamu ikafa, nikajiona bingwa siku nzima. Kesho yake nikakosea kuweka alama ya kuanzia, mkono ukaenda mpaka mwisho wa reli ukagonga, mota ikaendelea kusukuma mpaka kiunganishi kikapasuka. Swichi ya kuizuia ilikuwepo, mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Na muda wote huo kulikuwa na jambo jingine ambalo tulikuwa tunalicheka. Dogo anayejifunza kazi pale aliniambia mara mbili, "Kaka, hii chuma inatekenya." Anafanya kazi pekupeku, na mvua ikinyesha sakafu ya karakana inalowa. Nikamwambia avae ndala. Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kihandisi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa kusuka mota, alipita tu kuchukua kinu cha jirani. Nikamwamkia shikamoo, nikamsimulia kwa maneno makubwa ya darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mita, waya mmoja kwenye fremu, mwingine kwenye msumari alioupigilia kwenye udongo wenye unyevu. Volti 108.

"Ethi yako iko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha soketi yenye matundu matatu, kwa kujiamini kabisa. Akafungua bisibisi mbili. Nyuma ya tundu la tatu hakuna waya. Lilikuwa pambo!

Hapo ndipo madesa yakaanza kuniingia akilini, kwa kuchelewa. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele, moja inatoka laini kwenda kwenye bati, nyingine inatoka nyutro kwenda kwenye bati hilo hilo. Bati likiwa na ethi, kelele zinapita chini na mambo yanaisha. Likikosa ethi, bati linaning'inia katikati, karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana ilikuwa inatekenya tu. Lakini siku waya wa laini ungekwaruzika ukagusa fremu, yule dogo pekupeku ndiye angekuwa ethi yetu. Nikilifikiria hilo hata sasa nasisimka.

Nikamwambia mzee, basi tuunge nyutro na lile tundu la tatu, nimeona mafundi wanafanya. Akaniangalia kama mtu aliyetukana. "Nyutro ikikatika huko nje, fremu yote inakuwa laini. Utaua mtu, kijana." Tukaita fundi wa kufunga umeme majumbani, akazamisha fimbo ya shaba ardhini, akavuta waya mpaka kwenye bodi, akaweka na swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hiyo swichi si anasa. Piga hesabu: fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 20, umeme ukivuja ni 230 gawa kwa 20, ampia 11.5. Sakiti breka ya ampia 32 haitashtuka hata kidogo, itaendelea kulala.

Mtekenyo ukaisha siku hiyo hiyo. Alamu zikapungua sana, ila hazikwisha, na zilizobaki zilikuwa zangu mimi. Swichi za mwisho wa reli nilikuwa nategemea rezista iliyomo ndani ya chipu ya Arduino, ambayo ni kati ya kilo-omu 20 na 50, dhaifu mno. Na waya zake mita mbili nilizifunga pamoja na za mota kwa teipu, ili zipendeze. Hiyo ni antena, wadau, niliijenga kwa mikono yangu. Nikaweka rezista ya kilo-omu 1 kwenda volti 5 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila swichi. Waya nikabadilisha, nikatumia waya chakavu wa maikrofoni niliopewa kanisani, ule wenye wavu wa shaba kuzunguka, wavu nikauunga upande mmoja tu. Nikazitenga na za mota. Swichi nikazigeuza ziwe za kufunga muda wote, zifunguke zikigongwa, ili hata waya ukikatika mashine isimame. Kisha nikarudisha $21=1. Jirani akachomelea geti zima na mashine ikachonga ua mpaka mwisho. Vifaa vyote vya hatua hii ya pili havikufika hata robo ya bei ya stebilaiza.

Sasa mnisikilize. Tunapenda kutumiana picha za mashine za aina hii. Ile printa ya 3D ambayo Kodjo Afate Gnikou wa Togo aliiunda mwaka 2013 kwa takataka za kompyuta, nani hapa hajaiona? Hakuna anayepiga picha nyuma ya soketi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na hata zikija zote Nyamisangura haziweki waya kwenye tundu langu la tatu. Mimi somo la mawimbi ya sumaku na umeme nimepata B+. Nimekokotoa ethi ya kituo kizima kwenye karatasi, na sijawahi kuambiwa nichukue mita nikapime ethi ya darasa nililokaa. Sisemi nadharia haina maana, maana ndiyo iliyonieleza kila kitu baadaye. Nasema praktiko moja ya saa mbili, mita na soketi, ingemwokoa dogo wiki tatu za hatari.

Chaja ya miguu miwili yenyewe haihitaji ethi, hilo ni kweli, kabla hamjanirushia mawe. Ila ile biki ndiyo iliyonizoesha kuliona lile tundu kama kizuizi. Jana nimeitupa. Roomu meti kanuna, kaenda kuazima ya chumba cha pili.