Mshahara Mnono, na Kadi ya Mama Je?

Leo tuongee hela, maana mapenzi bila hesabu huishia kununiana.

Miezi michache iliyopita mume wangu alirudi nyumbani hapa Musoma kachangamka kupita kiasi. Kampuni moja ya Nairobi inamtaka, mshahara karibu mara mbili ya anaopata sasa. "Mama watoto, funga mizigo!" Nikacheka, nikamtengea ugali na sato, lakini moyoni nikajiuliza: na mama?

Mama yangu yuko Butiama, ana presha na sukari. Mama mkwe yuko Bunda, magoti yanamsumbua. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima ya NHIF, na mwajiri anaongeza 3. Bima hiyo inabeba watu sita: mimi, mwenzangu na wategemezi wanne. Wanne wangu ni watoto wawili, mama yangu na mama yake. Nafasi zimejaa kama haisi siku ya sikukuu. Nikiacha kazi, bima ya wote inaondoka na mimi.

"Si tutawatumia hela?" akasema. Nikamjibu vibaya, tukanuniana siku mbili nzima. Ya tatu tukachukua kalamu.

Tukaanza na kodi. Hapa kwetu shilingi 270,000 za kwanza za mshahara hazitozwi kitu, kisha makato yanapanda kutoka asilimia 8 hadi 30 kwa kinachozidi milioni moja. Kenya asilimia 30 inaanza kwenye shilingi 32,333 za kwao, ambazo kwetu hazifiki hata milioni. Ongeza tozo ya nyumba, asilimia 1.5. Ongeza SHIF, bima iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya mshahara wote. Hapo bado pango la Nairobi, ada na nauli za matatu. Ile "mara mbili" ikaanza kunywea, jamani!

Na SHIF ni ya kutibiwa Kenya. Mama akizidiwa Butiama, haimsaidii.

Mume wangu hakukata tamaa. "Basi Uingereza!" Nikampigia shoga yangu wa huko. Akaniambia mgeni mwenye viza ya kazi hulipia huduma ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, kila mtu mzima, tena miaka yote ya viza kwa mkupuo, kabla hujapanda ndege. Wenye viza ya kazi za afya wamesamehewa, ila mwenzangu si mmoja wao. Ukishafika, daktari humlipi; dawa kule England ni pauni 9.90 kwa kila aina. Nafuu kweli, lakini kwa aliyeko kule.

Hapo ndipo akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Kumbe mama yangu anatibiwa kwa jasho lako." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kulisema hilo. Nilitoka nje kidogo nikapangusa macho.

Tumeamua hivi: yeye amekwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja, mimi nimebaki na kazi yangu na bima yetu. Anakuja kwa basi kupitia Sirari akipata nafasi. Si rahisi, nisikudanganye. Kitanda ni kikubwa mno, na mtoto mdogo kila usiku anauliza baba yuko wapi. Mwaka ukiisha tutakaa tena na kalamu.

Kwa hiyo wewe dada, wewe kaka, ukiletewa habari ya mshahara wa nje, uliza kwanza: nini kitabaki baada ya makato? Nani atatibiwa, na wapi? Na nani ataachwa bila bima? Mjiulize wote wawili, kabla hujasaini.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimie wazazi.