Yai la Kwanza Liwe la Mtoto

Mimi ni VHT katika kijiji kimoja cha hapa Nakivale. Mmezoea kunisikia nikipiga kelele juu ya vyoo na vyandarua. Leo naomba tuongee juu ya kuku tunaowafuga uani, na hasa juu ya mayai yao: nani anayakula?

Siku moja nikipita nyumba kwa nyumba kupima watoto, nilifika kwa mama mmoja mwenye mtoto wa miezi 14. Uani palikuwa na mitetea watatu na jogoo, wote wamenona. Nikafunga utepe kwenye mkono wa mtoto, ukaonyesha njano. Mnajua maana yake. Mkono ukiwa chini ya sentimeta 12.5 ni onyo, na ukiwa chini ya 11.5 ni nyekundu, mtoto afike kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nikamwuliza mama mayai yanakwenda wapi. Akajibu kwamba yote humpa mtu wa bodaboda anayeyapeleka Mbarara, kwa sababu kule mayai ya kienyeji yanapendwa. Hapo nikamsema vibaya, nikamwambia anauza afya ya mtoto wake. Hakukasirika. Alisema: "Mwanangu, yai moja ni kipande cha sabuni. Wewe niletee sabuni, mimi nitampa mtoto yai." Sikuwa na jibu. Niliandika kwenye daftari langu nikaondoka na aibu.

Mama yule hakukosea hesabu. Sote tunajua hali ilivyo. Mwezi wa Julai 2023 WFP ilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi kufuatana na uhitaji wao, na mwaka 2025 watu karibu milioni moja nchini wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Wazee waliofika zamani walipata shamba la kulima, lakini wanaofika siku hizi hupata kiwanja kidogo. Kwa hiyo kuku ndiye benki yetu. Mtu asije kutufundisha kama vile hatujui shida zetu, na mimi nilifanya kosa hilo.

Hata hivyo, maoni yangu hayajabadilika: yai la kwanza liwe la mtoto, ndipo mengine yaende sokoni.

Sababu ni hii. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 ana tumbo dogo. Ukimjaza uji mtupu au posho na mchuzi, anashiba lakini mwili haupati vya kujengea. Yai moja dogo lina protini, mafuta na vitamini ambazo uji mtupu hauna. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa umri huo wapate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, kama yai, samaki au nyama. Nchini Ecuador, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watoto waliokula yai moja kila siku kwa miezi 6 waliongezeka urefu kuliko wenzao. Utafiti kama huo ulipofanywa Malawi, urefu haukuongezeka hivyo, na watoto wengi wa pale walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa hiyo yai siyo uchawi. Mwenye mukene wa kusaga kwenye uji naye anafanya vizuri. Lakini nyumba nyingi ninazopita hazina samaki wala nyama wiki nzima, na yai liko palepale chini ya kuku.

Tena tujiulize, pesa ya lile yai inarudi nyumbani kama nini? Mara nyingi inarudi kama posho. Yaani tumetoa chakula kinachojenga mtoto tukanunua kile anachokula kila siku.

Sisemi tusiuze. Nasema tupange. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha huatamia. Ukiyatoa kila siku ukamwachia moja tu lenye alama ya mkaa, mara nyingi huendelea kutaga siku zaidi. Mwenye mitetea watatu anaweza kumwacha mmoja aatamie, mayai ya wa pili yakauzwa, na ya wa tatu yakawa ya mtoto. Hata mayai mawili au matatu kwa wiki ni bora kuliko kukosa kabisa.

Wengine husema mtoto akila yai atakuwa mwizi, au atachelewa kusema. Mama zangu na bibi zangu, kwa heshima yote, hakuna ukweli hapo. Na ninyi baba zetu, mniwie radhi mimi kijana wenu. Tunajua firigisi ni ya baba na kuku huchinjwa mgeni akifika. Desturi hiyo siipingi. Lakini yai likiwa moja, na mezani kuna baba na mtoto wa mwaka mmoja, baba mwenye busara atalisogeza kwa mtoto.

Ili mayai yawepo, kuku lazima aishi. Adui mkubwa ni kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo, wanaharisha kijani na banda zima linaisha kwa siku chache. Hauna dawa, una chanjo tu. Iko ya matone, tone moja kwenye jicho la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi akiba, ndiyo maana mtu mmoja huona ni ghali. Majirani wakichanga, mmoja akienda Mbarara anaileta kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kuku wa mtaa mzima wanachanjwa siku moja. Aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe, azikwe.

Jambo jingine ni pa kulala. Najua tunawaingiza kuku ndani kwa kuogopa wezi. Lakini mtoto anayetambaa huokota mavi ya kuku na kuyatia mdomoni, kisha anaharisha, na faida yote ya yai inapotea. Jenga kibanda kidogo kilichoinuliwa, kiegemee ukuta wa chumba unacholala, kiwe na mlango wa kufunga. Mavi yakusanye, yaoze vizuri, kisha yapeleke kwenye bustani. Dodo, sukuma na majani ya maboga hukua hata kwenye gunia kwa maji ya kuoshea mboga. Bustani izungushie miiba au mabua ya mahindi ili kuku wasiile. Usizungushie chandarua! Chandarua ni cha kitandani.

Kupika hakuhitaji kuni nyingi. Uji ukiwa unachemka, pasua yai, lipige kwa kijiko, limimine huku unakoroga, uache uchemke dakika chache mpaka yai liive kabisa. Au kaanga dodo na nyanya, ongeza yai, mpondee mtoto na posho laini. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika mayai.

Nilirudi kwa mama yule wiki iliyofuata, nikamwomba msamaha kwanza. Tukakaa chini tukahesabu pamoja. Alikubali mayai matatu kwa wiki yabaki nyumbani, na sabuni ipungue kidogo. Mtoto alipelekwa kituoni pia akapewa chakula cha lishe, kwa hiyo sitadanganya kwamba ni yai peke yake lililomponya. Lakini leo utepe wake unaonyesha kijani, na mayai matatu yanaendelea kubaki. Juzi aliniambia kwa kucheka, "Sasa mtoto akisikia kuku analia baada ya kutaga, anakimbilia kiota kabla yangu."

Basi ndugu zangu, jioni hii kuku wakiingia bandani, hesabu mayai, kisha mtazame mtoto wako kabla ya kumwita mtu wa bodaboda.