RAHISI HAIKUVUNJA UPISHI!

Wiki hii tuwaache kidogo wenye ndoa zao wapumue, tuongee muziki. Na si rusha roho wala bendi. Ni opera, ule mchezo wa kuigiza ambao Wazungu wanauimba mwanzo mpaka mwisho. Usigune! Soma kwanza.

Nina CD ya mtumba niliyoiokota kwenye lundo pale Tanga mjini kwa bei ya soda mbili. Ndani yake hakuna mwimbaji hata mmoja, ni okestra tupu inapiga vipande vya opera. Na ukisikia okestra usifikirie Maquis wala Safari Sound. Hapa ni fidla kwa makumi, filimbi, matarumbeta na ngoma kubwa, wote wanamtazama mtu mmoja mwenye kijiti.

Wajuzi wa mjini watakwambia CD ya bei poa ni takataka, eti rahisi inavunja upishi. Si kila siku, bwana! Mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Klaus Heymann, alianzisha kampuni ya Naxos kule Hong Kong. Badala ya kukimbilia okestra zenye majina makubwa, akaenda kurekodi na watu wa Bratislava, huko Slovakia, ambao malipo yao yalikuwa nafuu. CD zikauzwa bei ya chini. Wapigaji hawakuwa na jina, lakini kazi waliijua.

Sasa sikia kilichomo. Kibao cha kwanza ni ufunguzi wa William Tell, opera ya Mwitaliano Rossini iliyotoka Paris mwaka 1829. Kinaanza na chelo tano, taratibu, mpaka unadhani spika imekufa. Unaongeza sauti. Lahaula! Dhoruba hiyo inaingia, kama kusi linavyoshuka hapa Mkwaja na ngalawa bado ziko nje. Kuku wa jirani walitawanyika. Ikishapita, zumari linalia peke yake kama mchunga ng'ombe jioni. Mara matarumbeta yanaita, na wote wanatimua mbio kama farasi. Dakika kama kumi na mbili, neno hakuna, na kisa umekipata.

Mama mdogo alikuwa anasuka ukili pembeni. Akauliza, "Sasa huyo mwimbaji wenu anaingia saa ngapi?"

Swali zuri. Sisi watu wa pwani tumezoea kusubiri maneno, tujue leo nani kapigwa kijembe. Lakini wazee wetu waliyajua haya. Taarab ya asili ya Unguja, ile ya kina Ikhwani Safaa walioanza mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashraf, vyombo vitupu bila mwimbaji, na watu wanatulia tuli. Ule ufunguzi wa opera ndiyo bashraf yao. Nilipomwambia hivyo mama mdogo, aliweka ukili chini akasikiliza.

Na undugu upo. Kibao kingine ni maandamano ya ushindi kutoka Aida, opera ya Verdi. Unajua ilionyeshwa wapi mara ya kwanza? Si Roma wala Paris. Ni Cairo, tarehe 24 Desemba 1871! Enzi hizo hizo Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Barghash (1870–1888), ambaye historia ya taarab inasimulia kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim huko huko Cairo akajifunze ganuni. Kwa hiyo anayesema muziki huu hautuhusu, mpe kiti akae kwanza.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Nilimwomba kijana mmoja anayejaza nyimbo kwenye flashi anitilie Black Star ya Tanga, nimsikie Bibi Shakila Saidi, aliyetutoka mwaka 2016. Akadhani nataka mechi ya Ghana! Fidla za Slovakia nimezipata kwa bei ya soda mbili, sauti ya bibi yetu wa Tanga bado naitafuta.

Huyo Mjerumani alitumia akili ndogo tu: rekodi vizuri, uza rahisi, hata mtu wa Mkwaja atasikia. Wewe mwenye kanda za zamani chini ya kitanda, usiziache ziliwe na ukungu. Wapelekee vijana wazihamishe kwenye flashi, hata kwa bei ya soda mbili.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.