Nani Huamua Kipi Kihesabiwe? Akili Mnemba, Mazingira na Utu

Mjadala kuhusu akili mnemba, yaani uwezo wa kompyuta kutekeleza kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya binadamu, kama vile kutambua sura, kuelewa lugha na kubashiri matukio, umeelemea mno hofu ya siku ambayo mashine zitawatawala waliozitengeneza. Hofu hiyo imelifunika swali lililo karibu zaidi, ambalo limekwisha kuwafikia wakulima, wafugaji na askari wa uhifadhi wa Afrika Mashariki: mashine inapokabidhiwa kazi ya kuhesabu wanyama, kubashiri ujangili na kukagua mazao, ni nani anayeamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe? Makala haya yanashikilia kwamba faida ya akili mnemba kwa mazingira hutegemea ukamilifu wa hesabu, yaani hesabu inayomwingiza mnyama, mtu anayeishi naye, na gharama ya mashine yenyewe.

Manufaa ya teknolojia hii hayana ubishi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, watafiti walianza mwaka 2010 kutega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, kila moja ikipiga picha yenyewe pindi mnyama anapopita mbele yake. Mamilioni ya picha yalipatikana, lakini takriban robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote, kwa kuwa joto la mchana na nyasi zinazochezeshwa na upepo zilitosha kuziamsha kamera hizo. Kwa miaka kadhaa picha hizo zilichambuliwa kupitia intaneti na maelfu ya watu wa kujitolea, ambao walitazama picha moja baada ya nyingine, wakitenganisha swala tomi na swala granti, wakihesabu nyumbu na kueleza kama mnyama anakula, anatembea au amelala. Mwaka 2018 watafiti walionesha kwamba programu inayojifunza kutokana na mifano mingi iliyokwisha kupewa majibu ingeweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na ule wa watu hao, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi.

Mafanikio hayo yana funzo ambalo hupitwa kwa urahisi. Programu ilimjua nyumbu kwa sababu maelfu ya macho ya watu yalikuwa yamekwisha kumtaja, na iliorodhesha aina za wanyama ambazo watafiti walikuwa wameamua kwamba zinafaa kuorodheshwa. Nyuma ya kila jibu la mashine upo uamuzi wa mtu kuhusu jambo lenye thamani, na uamuzi huo hauwi wa haki kwa sababu tu umepitia kwenye kompyuta.

Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda inalidhihirisha jambo hilo. Watafiti wa mfumo uitwao PAWS, unaobashiri mahali ambapo majangili huenda wakatega mitego ya waya, waliufundisha kwa kumbukumbu za doria ambazo askari walizikusanya kwa miaka mingi. Tatizo lilijitokeza mapema: kumbukumbu hizo zilieleza zaidi mahali ambapo askari walikuwa wamepita kuliko mahali ambapo majangili walikuwa wamepita, kwani waya uliofichwa kwenye majani hauonekani kwa urahisi, na eneo lisilofikiwa na doria huonekana kwenye takwimu kana kwamba ni salama. Watafiti walilikabili tatizo hilo waziwazi, na askari walipotumwa kwenye maeneo ambayo hayakuwa yakifikiwa mara kwa mara, walikuta tembo aliyeuawa na kukatwa pembe, pamoja na mitego ya swala iliyokuwa imehifadhiwa. Bila shaka huo ni ushindi kwa uhifadhi. Hata hivyo, mfumo unaofundishwa kwa kumbukumbu za mitego peke yake hauna safu ya shamba la mahindi lililovurugwa na tembo usiku, wala ya kijiji cha wavuvi kilichomo ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo. Unaweza kueleza wapi waya utategwa bila kueleza kwa nini mtu ameutega, na sera inayoegemea jibu la kwanza huishia kuongeza askari mahali ambapo pengine palihitajika fidia.

Athari kwa utu wa watu ni kubwa zaidi pale kifaa kinapobadilishiwa kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu hifadhi ya chui milia ya Corbett nchini India ulionesha kwamba kamera na ndege zisizo na rubani zilizowekwa kwa ajili ya wanyama zilitumika pia kuwafuatilia wanawake wanaoingia msituni kutafuta kuni, bila ridhaa yao. Kwa wanawake hao msitu ulikuwa pia mahali pa kuimba, kuzungumza na kupumua mbali na macho ya wanaume, na faragha hiyo haikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote aliyezifunga kamera.

Upo pia mfano unaoonesha njia bora. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuelezwa kama lina dalili za ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo na mtandao. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kwamba Nuru ilitambua dalili hizo kwa usahihi wa asilimia 65, huku maafisa ugani wakipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Usahihi wa programu uliongezeka zaidi majani sita ya mmea mmoja yalipokaguliwa. Hapa mashine humwongezea mkulima ujuzi na kumwachia uamuzi wa kung'oa shina au kutafuta mbegu safi, na ndiyo maana inastahili kuigwa.

Linabaki deni la mashine yenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta zinazohifadhi na kuchakata taarifa, vilitumia umeme wa saa-terawati 415 mwaka 2024, sawa na takriban asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba matumizi hayo yatazidi maradufu kufikia mwaka 2030. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ambayo hutumika kwenye betri za simu, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu ya uchimbaji huo hufanywa kwa mikono katika mashimo yasiyo salama. Jijini Nairobi, kwa mujibu wa jarida la TIME la Januari 2023, wafanyakazi waliosoma maandishi ya ukatili ili kuisafisha programu ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Watetezi wa teknolojia hujibu kwamba programu ya kutambua majani hutumia umeme kidogo mno ikilinganishwa na mifumo mikubwa ya lugha, na hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo sababu kila mfumo unapaswa kupimwa peke yake badala ya wote kusifiwa au kulaaniwa kwa pamoja. Wengine husema kwamba masharti makali ya upimaji huo yatawafukuza wawekezaji. Mfano wa Kenya unaonesha kwa nini maswali bado yanahitajika. Mwezi Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data cha Olkaria, nchini Kenya, kilichopangwa kutumia umeme wa jotoardhi. Umeme huo hutoa hewa ukaa kidogo, lakini sehemu ya mitambo ya umeme ya Olkaria imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa mitambo hiyo. Mwekezaji anayeijua historia hiyo na bado akaogopa kuulizwa maswali si wa kuaminiwa.

Mwezi Novemba 2021, nchi 193 wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la maadili ya akili mnemba linalotaja utu na ustawi wa mazingira kuwa miongoni mwa misingi yake. Misingi hiyo haitakuwa na uzito hadi mamlaka za hifadhi na wizara za kilimo za Afrika Mashariki ziiandike katika mikataba: wanavijiji washirikishwe katika kuamua nini kirekodiwe, picha za watu zisitumike kwa kazi ambayo hawakuiridhia, na gharama ya umeme, madini na kazi ya binadamu itangazwe kabla ya saini kuwekwa. Mfumo usioweza kutimiza masharti hayo, hata ukiwa na usahihi wa asilimia 99, haufai kukabidhiwa ardhi, wanyama wala watu.