Tazama Kalenda ya Mwenyeji Kabla ya Kukata Tiketi

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou huulizia nauli, viza na bei ya dola. Sikukuu za Wachina hazimjii akilini. Kwa maoni yangu, hizo ndizo angeziulizia kwanza.

Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo tarehe yake hubadilika kila mwaka, kati ya 21 Januari na 20 Februari. Wafanyakazi wa viwandani hurudi makwao, viwanda vingi husimama kwa wiki mbili au zaidi, na maduka ya jumla nayo hufungwa. Mgeni hubaki hotelini akila mtaji. Mjomba wangu yalimkuta hayo: alirudi na mabegi matupu, na marejesho ya mkopo yakawa yanamsubiri.

Wapo wanaosema wakala wa tiketi ndiye angemwonya. Angefanya vyema, lakini yeye hupata kamisheni yake hata maduka yakifungwa. Vilevile, tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Taifa ya China, na mapumziko yake huchukua takriban wiki nzima. Anayepanga safari ya Oktoba afadhali asubiri tarehe 15, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanapoanza.