Simba Wanyika na kwaya yetu



Kwa majuma matatu sasa tunaulizwa swali moja, mlangoni pa kanisa baada ya misa, njiani, hata mnadani Katesh tulikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa: “Baba, wale waliotoka kwenye kwaya mtawafanya nini?” Wanaouliza hawaulizi kama watarudi. Wanauliza adhabu yao.

Kwa wasio wa parokia yetu tueleze kwa ufupi. Kwaya yetu kubwa imegawanyika. Waimbaji kumi na mmoja, karibu sauti ya nne yote, wameondoka pamoja na mpiga kinanda, nao sasa wanaimba katika kigango kimojawapo kwa jina linalofanana mno na lile la zamani. Wapo waamini wenye heshima zao, wengine wajumbe wa halmashauri ya walei, wanaotaka kundi hilo lizuiwe kuimba katika vigango vyote, lirudishe sare, na lisiguse nyimbo zilizorekodiwa na kwaya mama. Sisi hatukubaliani nao. Kueleza sababu kutatulazimu kupita njia ndefu kidogo, ya Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi, nasi tunaomba uvumilivu wa wale watakaoshangaa padre kuandika habari za muziki wa dansi. Kabla ya seminari tulikuwa watoto wa nyumba yenye redio ya betri, na redio ile haikupiga zaburi tu.

Wazee wetu wanawakumbuka ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walianza mwaka 1966 katika Jamhuri Jazz ya huko kwao. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Siku hizo nchi yetu hii ya Mbulu na Hanang ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, maana Manyara ilizaliwa mwaka 2002. Tunaweza basi kusema, bila kujisifu sana, kwamba bendi ile ilipitia nyumbani kwetu. Haikukaa. Mwaka 1971 ndugu hao walivuka mpaka hadi Mombasa, wakajiita Simba Wanyika, na baadaye wakaingia Nairobi, kwenye studio, viwanda vya santuri na kumbi zilizojaa kila mwisho wa juma.

Huko ndiko walikovuma. Kiswahili chao kilikuwa cha Tanga, laini na chenye adabu, na magitaa yao yalijibizana kama watu wanaosalimiana asubuhi na kuulizana habari za ng'ombe na za watoto. Wakenya waliwapokea kama wao. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Sauti haina pasipoti, na muziki wa Watanzania hawa wa Nairobi uliendelea kutufikia kwa mawimbi ya redio katika miaka ambayo lori la mizigo lisingeweza kupita Namanga.

Kisha ukaja mwaka 1978. Wanamuziki kadhaa wa msingi waliondoka Simba Wanyika: Omar Shabani wa gitaa la rithimu, aliyeitwa Profesa, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma. Tutafakari majina hayo kidogo. Msikilizaji wa kawaida humsikia mwimbaji na gitaa la solo, na ni hao anaowataja akisimulia. Lakini miguu ya mchezaji haifuati solo. Inafuata rithimu, besi na ngoma. Ndugu wa Kinyonga walibakiwa na paa la nyumba, huku kuta na msingi vimehamia mtaa wa pili.

Waliohama walijiita Les Wanyika, na pamoja nao akawa John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa, Mtanzania mwingine. Waliondoka, lakini jina la mama walilibeba. Haukupita muda mrefu wakatoa wimbo wa Sina Makosa, ambao hadi leo hupigwa kwenye harusi na watu waliozaliwa miaka ishirini baada yake. Wimbo wenyewe ni wa mambo ya mapenzi, na hatuutumii katika katekesi, ila jina lake hutuchekesha kila tunapokumbuka ni akina nani walioutoa na walikuwa wametoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Issa Juma, aliyekuwa miongoni mwa sauti za Les Wanyika, naye alijitenga na kuanzisha Super Wanyika. Mama, binti na mjukuu wakawa wanapigania wasikilizaji wale wale wa jiji lile lile, na ndugu wa Kinyonga wakalazimika kujitambulisha kama Simba Wanyika asilia.

Je, mgawanyiko ule ulimuua mama? Haukumuua. Wilson na George walitafuta wapigaji wengine, wakawafundisha, wakaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, wakafika hata Ulaya. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Kilichoifunga bendi ni kifo cha ndugu hao, wala si hao waliotoka mwaka 1978. Na lau wale watatu wangezuiwa kupiga, au wangerudishwa kwa nguvu ili wapige kwa uchungu, Afrika Mashariki isingekuwa na Les Wanyika. Hili ndilo tunalotaka waamini wetu walione kwanza: kundi linaweza kugawanyika, na bado pande zote mbili zikazaa.

Lakini hatusemi kwamba kugawanyika ni jambo jema. Mwaka 1985 jijini Dar es Salaam mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki muhimu wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, akaunda nao International Orchestra Safari Sound. Mashabiki walifurahia ushindani. Gurumo, ambaye safari yake ilianza mwaka 1960 na kupita NUTA Jazz, alizunguka bendi hadi bendi na kumalizia Msondo Ngoma. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, taifa lilisikia kwamba mzee yule hakuwa na hata gari, na kijana Diamond Platnumz akampatia moja. Tuliisifu zawadi ile, nasi bado tunaisifu. Aibu ilikuwa yetu sisi tuliocheza nyimbo zake miaka yote hiyo bila kuuliza fedha zinakwenda wapi. Alifariki Aprili 2014.

Swali hilo la fedha ndilo linaloturudisha kwa kwaya, ila tuvumiliane kwa mfano mmoja zaidi, maana vijana hutuuliza kila semina kama muziki wa roki ni wa shetani. Gitaa ni mbao na nyuzi. Mwaka 1946 alizaliwa Zanzibar mtoto wa Kiparsi aitwaye Farrokh Bulsara, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Maisha yake yalikuwa na mengi ambayo hatuwezi kuyaweka mbele ya vijana kama kielelezo. Lakini watu wanne wale walikaa pamoja tangu 1971 hadi kifo chake mwaka 1991, wote wanne wakiwa watunzi, wote wakali, na miongoni mwa magomvi yao makubwa lilikuwamo hili: jina la nani litaandikwa chini ya wimbo, kwa sababu fedha hufuata jina. Upande wa pili wa santuri ya wimbo wao mkubwa wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, kulikuwa na wimbo wa mpiga ngoma, naye alipata malipo ya mtunzi sawasawa na Mercury, kwa kuwa anayenunua santuri hununua pande zote mbili. Ilizua manung'uniko ya miaka. Hatimaye, kwa albamu ya mwaka 1989, waliamua kwamba kila wimbo, hata ukiwa umetoka kichwani mwa mmoja, uandikwe jina la bendi, na mapato yagawanywe kwa wote. Watu wa dunia hii, wapendwa, waliona kwamba amani inahitaji karatasi.

Sisi kwaya yetu haikuwa na karatasi. Ilirekodi albamu mbili za video. Nyimbo karibu zote zilitungwa na mpiga kinanda, na kwenye kasha limeandikwa jina la kwaya, la parokia, na picha yetu sisi paroko tukitabasamu. Jina lake halipo. Waimbaji wa sauti ya nne waliuliza mara mbili habari za mapato, wakajibiwa kwamba muziki ni utume na utume hauulizi fedha. Jibu hilo lilitoka kwa uongozi wa kwaya, nasi tulikuwapo kikaoni, tukanyamaza. Tulinyamaza kwa sababu kwaya ilikuwa inalialika jina la parokia yetu kila sherehe ya jimbo, nasi tulipenda kualikwa. Kwa hiyo mnapotutaka tuwaadhibu waliotoka, mnatutaka tuadhibu watu kwa kosa ambalo sehemu yake ni yetu.

Kuna anayesema waliotoka wamevunja umoja wa Kanisa. Tunamwomba asome sura ya 15 ya Matendo ya Mitume hadi mwisho. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohane Marko, tena si kwa upole, wakaachana. Barnaba alimchukua Marko wakaenda Kupro, Paulo akamchukua Silasi wakapita Siria na Kilikia. Hakuna aliyemfungia mwenzake kuhubiri. Na miaka ya baadaye ni Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, aliyemwandikia Timotheo amletee Marko. Mababu zetu Wairaqw nao walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika slufay mzee mmoja hunena na wote walioketi humwitikia, na mzee anayenena pasipo wa kumwitikia hajaomba bado. Kiongozi wa kwaya aliyebaki na sauti ya kwanza na ya pili, huku akishangilia kwamba wakorofi wameondoka, ajiulize nani sasa anamwitikia.

Tumeamua hivi. Kundi jipya litaimba katika kigango chake bila kuzuiwa, na litapangiwa zamu ya parokiani kama kwaya nyingine. Litabadili jina kidogo, ili waamini wasichanganyikiwe. Hilo tumewaambia, nao hawakufurahi. Sare ni mali ya parokia na zitarudi. Nyimbo zilizotungwa na mpiga kinanda zitaandikwa jina lake, katika kila nakala itakayotoka tangu sasa, na kwaya zote mbili zitaruhusiwa kuziimba. Mapato ya albamu yatahesabiwa upya.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nane mchana, ukumbi wa parokia. Mwenye stakabadhi aje nazo, hata ya nauli ya kwenda studio Arusha. Daftari la mapato litakuwa mezani, nasi tutalisoma wenyewe, kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza.